Fuatilieni katoni kabla ya jina la mgonjwa

Mgonjwa wa Uganda hubeba historia ya maradhi yake katika daftari la shule. Hulinunua dukani kwa shilingi chache, huandika jina lake kwenye jalada, na kila akifika kituoni, kiwe kituo cha afya cha kijijini au hospitali ya rufaa, tabibu hufungua ukurasa mpya na kuandika alichokiona pamoja na dawa alizoagiza. Ukurasa huohuo ndio cheti cha dawa. Stoo ya kituo ikiwa tupu, mgonjwa hutoka na daftari lake hadi duka la dawa lililo karibu. Muuzaji husoma, huhesabu vidonge, hupokea pesa, na mara nyingi hagongi muhuri wala kutia alama yoyote kuonyesha kwamba dawa imeshatolewa. Kwa dawa ya minyoo jambo hilo halina uzito. Kwa dawa zenye kuleta uraibu, kama tramadoli ya maumivu, diazepamu ya kutuliza au dawa ya kikohozi yenye kodeini, ukurasa mmoja unaweza kuzungushwa katika maduka matano ya mji mmoja kwa siku moja, na kila muuzaji akaamini kwamba yeye ndiye wa kwanza kuusoma.

Zipo nchi zilizoliziba pengo hilo kwa kompyuta. Dawa yenye kuleta uraibu ikiandikwa au ikitolewa, taarifa zake huingia papo hapo katika kanzidata moja, na daktari au mfamasia mwingine huziona kabla hajatoa zaidi. Australia imekwenda mbali katika njia hii. Mwaka 2005 wafamasia wa Queensland walianza kuandika kwenye mfumo wa pamoja kila mnunuzi wa pseudoefedrini, dawa ya mafua ambayo wahalifu huigeuza kuwa methamfetamini, ili aliyetoka kuinunua mtaa wa pili ajulikane. Mwaka 2016 chama cha wenye famasia nchini humo kikaleta mfumo kama huo kwa kodeini iliyokuwa ikiuzwa bila cheti. Ulikuwa wa hiari, na haukuwa na kazi tena pale serikali ilipoamua kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kodeini yote itatolewa kwa cheti cha daktari. Baadaye mwaka huohuo jimbo la Victoria likaanzisha SafeScript, na tangu Aprili 2020 daktari na mfamasia wa jimbo hilo wanalazimishwa na sheria kuutazama mfumo kabla ya kuandika au kutoa dawa zilizo katika orodha. Skrini inawapa rangi: kijani, machungwa au nyekundu. Waliolidai jambo hili kwa miaka mingi ni mahakimu wachunguzi wa vifo, ambao walikuwa wakiona dawa za hospitali zikiua watu wengi jimboni humo kuliko ajali za barabarani.

Nataka Uganda iwe na mfumo wa namna hii, na naona tumechelewa. Mzazi mwenye kijana katika mitaa ya Kisenyi au Katwe jijini Kampala, au kwenye stendi ya Busia mpakani, hahitaji takwimu ili ajue kwamba vidonge vya maumivu vimekuwa starehe, na kwamba chupa ya dawa ya kikohozi hununuliwa na wasiokohoa. Hofu yangu ni kwamba tutauchukua mfumo wa wenzetu ulivyo, tuanze na jina la mgonjwa, na tujikute tunawahesabu watu wasio na kosa huku mzigo wenyewe ukipita mlango mwingine. Kwetu ufuatiliaji unapaswa kuanza kwenye katoni.

Sababu ya kwanza iko kaunta. Sheria ya Uganda ya dawa, ambayo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, mwaka 1993, inazigawa dawa katika madaraja. Daraja A ni zile zinazodhibitiwa zaidi, morfini na jamaa zake. Daraja B ni dawa za cheti. Daraja C ndizo zinazoruhusiwa kuuzwa katika maduka madogo ya dawa yasiyo na mfamasia. Kwenye karatasi mpaka uko wazi kabisa. Sasa nenda katika kituo chochote cha biashara nje ya miji mikubwa, ambako famasia yenye mfamasia wake haipo na duka dogo la dawa ndilo hospitali ya wengi, uone mpaka huo unavyovukwa. Anayeuza mara nyingi ni msichana aliyeachiwa duka na mwenyewe. Mteja anataja dawa kwa jina au kwa rangi ya kidonge, anapewa, anaondoka. Hakuna daftari lililofunguliwa, hakuna cheti, hakuna kitu cha kuingiza kwenye kompyuta hata kama kompyuta ingekuwepo.

Australia ilijiuliza kama kodeini iuzwe kwa cheti au bila cheti, na jibu lilipopatikana, kaunta ilitii. Kwetu cheti kimeshaandikwa katika sheria muda mrefu, na kaunta haikitazami. Mfumo unaosoma vyeti katika hali hiyo utawaona wenye vyeti peke yao. Kijana anayemeza tramadoli kumi kwa siku hatakuwamo, kwa sababu hajawahi kuonyesha karatasi kwa mtu yeyote.

Watakaokuwamo ni akina nani? Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anayefika hospitali ya Mulago kila baada ya wiki kadhaa. Mtu mwenye kifafa anayetumia fenobabitali mwaka mzima, dawa iliyo katika orodha ya kimataifa ya dawa za kudhibitiwa na ambayo vituo vyetu vingi huitegemea kwa sababu ni ya bei nafuu. Na mtoto wa selimundu, yaani sikoseli.

Huyu wa mwisho tumtazame vizuri. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga uliofanywa nchini kote mwaka 2014 na 2015 ulikuta kwamba 13.3% walikuwa na chembe ya kurithi ya selimundu, na 0.7% walikuwa na ugonjwa wenyewe. Maumivu ya selimundu huja bila kutoa taarifa, na yakija huwa makali kiasi cha kumfanya mtu mzima alie. Mama humkimbiza mtoto kituo kilicho karibu, akikosa dawa huenda cha pili, usiku huishia kwenye kliniki ya mtu binafsi, wiki ijayo anaanza upya. Kwa jicho la mashine huyo ni mgonjwa mmoja aliyeomba dawa ya maumivu kwa watoaji wanne katika siku chache, yaani rangi nyekundu kabisa. Marekani, ambako ufuatiliaji wa aina hii umeenea, wagonjwa wa selimundu wamelalamika kwa miaka kwamba chumba cha dharura huwatazama kama walevi wa dawa. Huko wagonjwa hao ni wachache. Kwetu, hasa kaskazini na mashariki na kule Bundibugyo, ni watoto wa kila kijiji.

Uganda ina jambo jingine la kulinda ambalo nchi nyingi za Afrika hazina. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na kwa kushirikiana na wizara ikajengwa huduma ya morfini ya kunywa. Unga wa morfini huchanganywa na maji, kihifadhi na rangi ya kutofautisha nguvu ya dozi, hutiwa chupani, na mgonjwa hupewa bure. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliofuzu mafunzo maalumu ya tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya mgonjwa, waruhusiwe kuiandika, kwa sababu kumngoja daktari katika wilaya isiyo na madaktari kulikuwa ni kumwacha mtu afe akipiga kelele. Wengi walionya kwamba chupa hizo zitaishia mitaani. Haikuwa hivyo. Dawa imeyeyushwa mno kwa anayetafuta ulevi, huwekwa katika kabati la kufuli mbili, kila mililita huandikwa kitabuni, na muuguzi humfuata mgonjwa nyumbani akajua hali yake na hali ya chupa.

Ukubwa wa jambo hilo unaonekana ukilinganisha na dunia. Kamisheni ya jarida la Lancet iliyoripoti mwaka 2017 ilikadiria kwamba dunia iligawa tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni kwa mwaka, zikipimwa kwa kipimo cha morfini, na nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Tatizo kubwa la Waafrika kuhusu morfini ni kuikosa. Nchi yetu ilipata njia yake ya kuipata, na njia hiyo inategemea ujasiri wa muuguzi mmoja kituoni anayeweka sahihi. Muuguzi huyo akianza kuona skrini inayomwonya, kisha akasikia mwenzake wa wilaya jirani ameitwa kujieleza kwa sababu ya rangi nyekundu, hatagoma wala kuandika barua. Ataandika parasetamoli, basi. Na mgonjwa hatajua kwa nini.

Linganisha na tramadoli. Dawa hii, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, haimo katika orodha za mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya. Morfini haiwezi kuvuka mpaka bila vibali vya nchi inayouza na inayonunua na makadirio yaliyopitishwa na bodi ya kimataifa mjini Vienna. Tramadoli haina mlolongo huo, kwa hiyo hutoka viwandani India kwa makontena, huingia bandarini, hupanda malori. India yenyewe iliiweka chini ya sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2018. Nigeria mwaka huohuo ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa za kikohozi zenye kodeini. Mwaka 2025 ikafichuka kwamba kiwanda cha India kilikuwa kikipeleka Afrika Magharibi vidonge vya tapentadoli, dawa kali ya maumivu, vilivyochanganywa na karisoprodoli ya kulegeza misuli, mchanganyiko ambao haujaidhinishwa popote, na India ikalazimika kuuzuia. Katika visa vyote hivyo sioni mahali ambapo jina la mgonjwa lingesaidia. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza kwa nini kontena hili, kwa nani, na kwa wagonjwa gani.

Kwa upande wa kufuatilia bidhaa, Uganda si mgeni. Dawa za serikali zinazogawiwa na Bohari Kuu ya Dawa zimekuwa zikichapwa alama ya UG kwenye kidonge chenyewe, ili zikionekana katika duka la mtu binafsi ijulikane zimeibwa. Tangu Novemba 2019, maji ya chupa, soda, bia na sigara vimekuwa vikibandikwa stempu ya kidijitali ya mamlaka ya mapato, URA, inayoweza kusomwa kwa simu. Tangu Januari 2021, mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT analazimika kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki, na ankara hiyo hufika URA papo hapo. Kwa hiyo tunao tayari ujuzi, mashine na sheria za kuona mauzo yanapotokea. Tumeamua kuvitumia kulinda kodi ya maji ya kunywa. Katoni ya tramadoli inayotoka kwa muuzaji wa jumla Kampala kwenda Arua au Elegu haina stempu ya namna hiyo, na hilo ni chaguo la serikali ambalo linaweza kubadilishwa.

Napendekeza hivi. Orodha iwe fupi: tramadoli, kodeini za aina zote, diazepamu na wenzake, ketamini, pethidini. Kila katoni ya dawa hizo iwe na namba yake tangu inapoingia nchini au kutoka kiwandani. Mwagizaji aiandike, muuzaji wa jumla aiandike inapofika na inapotoka, na famasia inayoipokea ithibitishe. Mnunuzi wa mwisho asiulizwe jina kwa sasa. Ndani ya miezi michache NDA ingejua ni duka gani la mji wa mpakani linalonunua vidonge vya kutosha mkoa mzima, na ni muuzaji gani wa jumla anayeliuzia duka lisilo na leseni ya kuuza dawa za cheti.

Hapa kuna pingamizi zito, na linatoka Marekani. Wao walikuwa na mfumo wa katoni miaka yote. Unaitwa ARCOS, kila shehena ya dawa za jamii ya afyuni kutoka kiwandani hadi famasia iliripotiwa kwa DEA, idara ya serikali kuu ya kupambana na dawa za kulevya. Takwimu zake zilipotolewa kwa amri ya mahakama mwaka 2019, zilionyesha vidonge bilioni 76 vya oksikodoni na haidrokodoni vilivyosambazwa kati ya 2006 na 2012. Miaka mitatu kabla ya hapo, gazeti la Charleston, West Virginia, lilikuwa limeshafichua kwamba famasia moja katika kijiji cha Kermit, chenye watu kama 400, ilipokea vidonge vya haidrokodoni karibu milioni 9 katika miaka miwili. Namba hizo zilikuwa mezani mwa serikali wakati mambo yakitendeka. Waliotakiwa kuzisoma hawakuzisoma kwa wakati, au walizisoma wakazuiwa kuchukua hatua. Majimbo nayo, moja baada ya jingine, yalijenga mifumo ya kufuatilia wagonjwa, Missouri ikiwa ya mwisho kupitisha sheria mwaka 2021. Vyeti vilipungua. Wengi waliokwisha kuzama walihamia heroini, kisha fentanili, na mwaka 2021 vifo vya kuzidisha dozi vilipita 100,000 kwa mwaka. Mifumo hiyo haikuwa sababu pekee, lakini kwa wengi ilifika baada ya mzigo kuwa umeshatua, na ikamkuta mtumiaji aliyebaki na mlango mmoja wa kutokea.

Kwa hiyo katoni peke yake haitoshi, na pendekezo langu lina mguu wa pili ambao bila huo afadhali tusianze. Kanuni ziandike cheo cha ofisa anayewajibika kuisoma taarifa ya shehena, siku alizopewa kuchukua hatua duka moja likivuka kiwango, na jinsi taarifa hiyo itakavyochapishwa kila robo mwaka, wilaya kwa wilaya, bila majina ya wagonjwa. Takwimu zikiwa wazi, mwandishi wa habari wa Mbarara au diwani wa Busia ataziona hata kama ofisa wa Kampala amefumba macho. Kermit ilijulikana kwa umma kupitia gazeti.

Tuwasikilize pia wenye maduka. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka siku kadhaa wakiipinga EFRIS, mtaa wa biashara wa Kikuubo ukawa hauna mtu, na miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba walitozwa faini za mfumo ambao hawakufundishwa kuutumia. Mwenye duka la dawa anayeishi kwa faida ndogo akiletewa kifaa, faini na mkaguzi kwa siku moja, atazihamishia dawa hizo chini ya kaunta, na sisi tutabaki na kanzidata safi inayosema uongo.

Suala la mtandao nalipitia haraka. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mfumo wa dawa usisimame kwa sababu hiyo wala kwa kukatika kwa umeme. Wahudumu wa afya wetu walianza kuripoti akiba ya dawa kwa ujumbe mfupi wa simu kupitia mTrac tangu 2011; simu ya kitochi inatosha kuthibitisha katoni, na taarifa iweze kusubiri hadi mtandao urudi.

Majina yatafika zamu yake. Sitaki kuwanyima madaktari uwezo wa kuona kwamba mgonjwa aliye mbele yao ameshapewa diazepamu mahali pengine jana. Kuchanganya diazepamu na tramadoli au morfini hupunguza pumzi, na watu hufa usingizini. Hilo ni jambo la kuokoa maisha, na katika hospitali za rufaa zenye kompyuta na wafamasia linaweza kuanza mapema. Lakini kabla ya jina la kwanza kuingizwa, mambo mawili yamalizwe.

La kwanza ni namba ya mtu. Mawazo ya maofisa yataruka moja kwa moja kwenye kitambulisho cha taifa na namba yake, NIN. Wako wananchi wengi ambao hadi leo hawana kadi au walipoteza na hawajapata nyingine. Na wako wakimbizi, ambao Uganda imewapokea kwa wingi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hana NIN. Ana namba ya ukimbizi. Anaongea Kiswahili, pengine na Kifaransa kidogo, na muuzaji wa dawa wa Isingiro anaongea Kinyankole na Kiingereza cha shule. Mfumo ukimkataa kwa kukosa namba, nani atamweleza, na kwa lugha gani, kwamba hajashukiwa kitu? Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2022. Maneno ya onyo na ya maelezo kwenye mfumo wa dawa yangekuwa mahali pazuri pa kuonyesha kwamba uamuzi ule una kazi.

La pili ni polisi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la pekee linalohitaji ulinzi zaidi. Upande wa pili tuna sheria ya dawa za kulevya yenye adhabu kali, ile ambayo Mahakama ya Katiba iliibatilisha Mei 2023 kwa sababu ilipitishwa bila akidi bungeni, na Bunge likairudisha mwaka huohuo. Sheria hizi mbili zitakutana ndani ya kanzidata, na ile yenye pingu ndiyo huwa na nguvu. Jimbo la Oregon lilidai kwamba DEA haiwezi kupekua kumbukumbu za wagonjwa bila kibali cha jaji. Lilishinda mahakamani mwaka 2014, likashindwa katika rufaa mwaka 2017. Somo kwetu ni kuliandika sharti la kibali ndani ya sheria mama tangu mwanzo, kwa maneno yasiyopindika, tusilitegemee tangazo la wizara. Waganda wanajua orodha ya kliniki inaweza kumfanyia nini mtu. Katika miaka ya UKIMWI watu walipanda basi hadi wilaya nyingine kuchukua dawa ili wasionekane na majirani, na wengine bado hufanya hivyo. Wakihisi kwamba kumwambia daktari ukweli ni kujiandikisha polisi, hawatasema ukweli, na mfumo utakuwa umewafukuza hasa wale uliojengwa kuwasaidia.

Kisha tuulize swali ambalo wauzaji wa mifumo huliruka. Rangi nyekundu imewaka. Muuguzi afanye nini? Kumnyima tu dawa ni hatari. Aliyezoea diazepamu kwa miezi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Tramadoli inafanya kazi kwa njia mbili mwilini, kama afyuni na kama baadhi ya dawa za sonona, kwa hiyo anayeiacha ghafla hupata maumivu, jasho na kukosa usingizi, na wengine huingiwa na hofu kubwa na kuona mambo yasiyokuwepo. Mtu huyo anahitaji dozi ipunguzwe polepole na mtu anayejua, wiki baada ya wiki. Hospitali ya Butabika ina wodi ya waraibu, na mwaka 2020 ilifungua kliniki ya kwanza nchini ya methadoni na buprenofini, dawa za kuwatibu waraibu wa afyuni. Butabika iko Kampala. Kijana wa Koboko, mbali kaskazini-magharibi, akiambiwa aende huko, ameambiwa abaki alivyo.

Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili vyenye wauguzi walioajiriwa tayari. Kuwafundisha kupunguza dozi za tramadoli na diazepamu si kazi ya miaka. Tulikwishafanya jambo gumu zaidi tulipowafundisha wauguzi na matabibu kuandika morfini. Kanuni za ufuatiliaji zisianze kutumika katika mkoa wowote kabla kitengo cha mkoa huo hakijawa na watu wawili wa namna hiyo, na namba ya simu ambayo muuguzi wa kituo cha mbali anaweza kuipiga Jumamosi usiku akajibiwa. Fedha za mafunzo hayo ziingizwe katika bajeti ya mwaka uleule utakaonunuliwa mfumo, katika fungu lilelile, ili moja lisije likapita bungeni na jingine likaachwa kwa wafadhili.